Rijeni Imelegea, Imezidi au Imekatika: Dalili na Vyanzo Kwenye Gari la Umeme

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikishuka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu na Leaf yangu, gari la umeme la Nissan, betri imejaa pomoni. Nilikuwa nimeichaji usiku kucha, nikijiona mtu mwenye mipango. Kwenye mteremko wa kwanza nikainua mguu kama nilivyozoea, nikingoja gari lijivute, yaani lipunguze mwendo lenyewe. Halikujivuta. Likatiririka tu kama baiskeli isiyo na breki. Nikaweka B, ile gia ya mvuto mkali zaidi, likazidi kutiririka. Nikakanyaga breki ikashika, nikaendelea kukanyaga kona baada ya kona, na nilipofika kwenye kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa Kiitaliano, pedi zilikuwa zinanuka kama kanga iliyosahauliwa chini ya pasi.

Gari halikuwa na ubovu wowote. Betri iliyojaa haina mahali pa kuweka umeme wa mteremko, basi.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisikiliza malalamiko ya wenzangu wenye magari ya umeme, na mengi yanajirudia. Nimeyapanga hapa kwa dalili, nikianza na vyanzo vinavyopatikana mara nyingi hadi vile vya nadra. Nitaegemea zaidi Nissan Leaf kutoka Japani, kwa kuwa ndiyo iliyojaa kwenye barabara zetu, lakini mengi yanahusu gari lolote la umeme.

## Kwanza: nani ameshika breki?

Rijeni ni ile breki ya kurudisha umeme. Ukiinua mguu kwenye pedali ya mafuta (ndiyo, tunaiita hivyo ingawa gari halijawahi kuonja petroli), mota inageuka jenereta. Magurudumu yanaizungusha, inazalisha umeme unaoingia kwenye betri, na ugumu wa kuizungusha ndio unaopunguza mwendo wa gari.

Kwa hiyo gari lako lina breki za aina mbili zinazopokezana kazi: mota, na zile za kawaida za diski na pedi. Pedali ya breki yenyewe huchanganya zote mbili bila kukuuliza. Ndiyo maana mtu anaweza kulaumu rijeni kumbe mwenye kosa ni kalipa (ile inayobana pedi kwenye diski), au kulaumu breki kumbe ni betri imekataa umeme.

Kipimo rahisi cha kuzitenganisha ni N. Tafuta barabara tambarare, iliyonyooka, isiyo na watu. Ukiwa kwenye kilomita 30 kwa saa hivi, toa mguu kwenye pedali zote, kisha ingiza N. Kwenye Leaf unakishikilia kile kirungu cha gia kinachofanana na kipanya cha kompyuta upande wa N kwa muda kidogo hadi kikubali. Kwenye N rijeni haifanyi kazi. Kama gari lilikuwa linavutwa na sasa linateleza huru, aliyekuwa ameshika ni mota. Kama bado linavutwa, breki za kawaida zimeng'ang'ania na rijeni haina hatia. Usifanye hivi mteremkoni wala kwenye foleni, na ukimaliza rudisha D mara moja.

## Nguvu ya rijeni inarekebishwa wapi

Hapa watu wengi hukwama kwa sababu kila toleo lina mtindo wake. Leaf za kwanza, ZE0, hazina B kabisa: ukisukuma gia upande wa D mara ya pili unapata Eco (hali ya kubana matumizi ya umeme), na Eco ndiyo yenye mvuto mkali zaidi. Kwenye AZE0, iliyoanza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012, D ya pili inakupa B, na Eco ikahamia kwenye kitufe cha usukani. ZE1 ya mwishoni mwa 2017 ina B hiyohiyo pamoja na swichi ya e-Pedal karibu na gia. e-Pedal ina nguvu ya kufikia kama 0.2 g, yaani moja ya tano ya mvutano wa dunia, na inaweza kulisimamisha gari kabisa bila wewe kugusa breki.

Hyundai Kona na Ioniq 5 zina vibawa nyuma ya usukani. Cha kushoto kinaongeza, cha kulia kinapunguza, kutoka 0 hadi 3, na Ioniq 5 ina i-Pedal juu ya hapo, ya kusimamisha gari kwa pedali moja. BYD Atto 3 ina viwango viwili tu, cha kawaida na cha juu. Volkswagen e-Golf, zile zilizoingia Kigali kwa majaribio mwaka 2019, zina D, D1, D2, D3 na B. Kwenye D tupu gari linaachwa liteleze, na mgeni anaweza kudhani limeharibika.

## Dalili: ukiinua mguu gari linatiririka

Hili ndilo lalamiko kuu, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Betri imejaa. Angalia asilimia kabla ya kuangalia kitu kingine. Betri ikikaribia kujaa, kompyuta ya gari hupunguza umeme unaoruhusiwa kuingia, na ikijaa kabisa huufunga karibu wote. Kwenye Leaf angalia viduara vya kipimo cha nguvu, upande wa kuchaji: vikionekana kupungua au kupoteza mzingo wa pili, gari linakuambia waziwazi kwamba kuna kikomo.

Piga hesabu uone ukubwa wa jambo lenyewe. Gari la kilo 1,600 likishuka mita 500, uzito wake peke yake unatoa kama kWh 2.2 (yaani uniti 2.2 za umeme). Kutoka Lushoto hadi Mombo, ambako unashuka karibu mita 1,000, ni mara mbili ya hapo. Sehemu inaliwa na upepo na matairi, lakini hata nusu iliyobaki haina pa kukaa kama umeondoka na asilimia 100. Linganisha na kusimama kwenye taa za barabarani kutoka kilomita 60 kwa saa: gari hilohilo lina kama kWh 0.06 tu. Ndiyo maana mjini hutagundua kitu, na mlimani utagundua haraka.

Dawa yake haihitaji fundi. Kama unakaa juu na safari yako inaanza kwa kushuka, chomoa chaja kwenye asilimia 80 au 85. Kama tayari imejaa, zunguka kwanza kwenye barabara tambarare. Leaf hutumia kWh moja kwa kila kilomita sita au saba, kwa hiyo kilomita kumi na kitu zinatosha kufungua nafasi. Rafiki yangu mmoja huwasha hita na kufungua madirisha yote. Inafanya kazi, ila majirani wanamwangalia vibaya.

Magari mengine yanakuficha jambo hili. e-Pedal ya Leaf, betri ikikataa umeme, hujazia kwa breki za kawaida ili mguu wako usihisi tofauti. Tesla waliongeza chaguo la namna hiyo kwenye menyu mwaka 2022. Ni raha, lakini kumbuka kwamba mteremkoni pedi ndizo zinazopata moto wakati wewe unadhani unachaji.

Hujawasha kiwango unachodhani umewasha. Gari likizimwa na kuwashwa, au ukitoka R kurudi D, mara nyingi unarudi kwenye D ya kawaida. Angalia herufi kwenye dashibodi. Nimeshamwona mtu akiendesha wiki mbili akilalamika, kumbe anasukuma gia upande wa D mara moja tu.

Betri ni ya baridi au ni ya moto. Kwa wasomaji walio Toronto, Oslo au Minnesota hiki ndicho chanzo cha kwanza kuanzia Novemba: betri baridi haiwezi kupokea umeme mwingi kwa haraka bila kuumia, kwa hiyo gari huikinga. Rijeni hurudi polepole betri inapopata joto. Kama gari lako lina uwezo wa kupasha betri kabla ya safari, lipashe likiwa bado limechomekwa. Huku kwetu baridi ya Julai ya Limuru inaweza kupunguza kidogo, lakini adui wetu ni joto. Leaf hizi za ZE0, AZE0 na ZE1 hazina mfumo wa maji wa kupoza betri. Endesha barabara kuu ya pwani mchana wa Januari, chaji kwa kasi, kisha endesha tena, utaona kipimo cha joto cha betri kinapanda kuelekea eneo jekundu, na hapo nguvu ya kwenda na ya kurudisha zote hubanwa. Egesha kivulini na usubiri. Kumwaga maji chini ya gari hakusaidii kitu.

Ni mwendo mdogo tu. Chini ya kilomita 10 kwa saa hivi mota haina cha maana cha kuzalisha, na kwenye D au B gari litaendelea kujongea. Breki ya mguu ndiyo inayomalizia. Kama huna e-Pedal au i-Pedal, huu ndio utaratibu wa kawaida.

Betri imechoka. Seli zilizozeeka zina ukinzani mkubwa ndani. Ukizisukumia umeme, volti inaruka juu haraka na kugonga kikomo, kompyuta inafunga mlango mapema. Dalili yake ni kwamba rijeni ni dhaifu hata betri ikiwa asilimia 60 na hali ya hewa ni nzuri. Kwenye Leaf hesabu kwanza mistari ya afya ya betri pembeni mwa kipimo cha chaji. Gari jipya huwa na 12. Kisha nunua kidude cha OBD cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya kusomea hitilafu za gari, na utumie programu ya LeafSpy kwenye simu. Betri ya Leaf ina makundi 96 ya seli yaliyounganishwa kwa mfululizo, na programu inakuonyesha volti ya kila kundi. Yote yakikaribiana, betri imezeeka kwa usawa, hiyo ni hali ya umri. Kundi moja au mawili yakitoroka wenzake kwa milivolti nyingi, hasa chaji ikiwa chini au ukikanyaga sana, una seli mbovu.

Hapo ndipo mwisho wa kazi yako. Betri kubwa ina volti zaidi ya 350 na haina huruma. Nyaya za rangi ya chungwa haziguswi na mtu ambaye hajafunzwa, hata kama amekuwa fundi wa Toyota kwa miaka ishirini. Muulize fundi unayempelekea ana glavu za volti ya juu na kama ameshafungua betri ya aina hiyo. Akicheka, ondoka.

Una mteremko mbele na rijeni haipo? Punguza mwendo kabla ya kuingia mteremkoni, kwa breki ya mguu, na uendelee kuwa mpole. Pedi zikianza kunuka, au pedali ikianza kuwa laini na kushuka chini zaidi, tafuta mahali salama, simama, uache zipoe zenyewe. Usimwagie diski maji. Inaweza kupinda au kupasuka.

## Dalili: rijeni inakatika ghafla kwenye tuta au shimo

Unaelewa ninachosema kama umewahi kukaribia tuta ukiwa kwenye B, gurudumu likagonga ukingo, na kwa kitambo kifupi gari likaonekana kama limerukia mbele. Halikurukia. Mota iliacha kushika, na mwili wako ukatafsiri hivyo.

Chanzo cha kawaida ni kinga ya gari lenyewe. Gurudumu likiruka hewani au kuteleza, mfumo wa kuzuia kuteleza unazima rijeni na kukabidhi kazi kwa breki za kawaida. Makabidhiano hayo ndiyo unayoyahisi. Si la leo: mwaka 2010 Toyota waliagiza zaidi ya magari 400,000 ya haibridi duniani yarudishwe gereji, Prius yakiwa mengi, kurekebisha programu ya breki kwa lalamiko la aina hii hii kwenye barabara mbovu au zenye utelezi. Dawa ya dereva ni kutumia breki ya mguu mapema kabla ya tuta na kuiachilia kidogo unapolipanda, badala ya kutegemea B ikufikishe. Weka nafasi zaidi na gari la mbele kwenye barabara yenye mashimo.

Kama inatokea hata kwenye lami nzuri, anza na matairi. Pima upepo. Kisha angalia kama matairi ya mbele yanafanana kwa saizi na kwa uchakavu. Tukubaliane kwamba wengi wetu tunanunua matairi ya mitumba moja moja, na gurudumu moja likiwa dogo kuliko mwenzake linazunguka haraka zaidi, kompyuta inadhani linateleza. Nimeona tatizo lililozungushwa gereji tatu likamalizwa na muuza matairi.

Kikiwa si tairi, mara nyingi ni sensa ya mwendo wa gurudumu iliyojaa tope au waya wake umekwaruzwa, na taa ya ABS huwaka. Shokomzoba zilizokufa nazo huacha gurudumu lirukeruke. Yote mawili fundi wa kawaida anaweza, mradi ana mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu za ABS na si ya injini tu.

## Dalili: gari linavuta mno, abiria wanachefuka

Jirani yangu anaendesha teksi ya umeme. Mwezi wa kwanza alipata abiria aliyetapika Jogoo Road, na alikuwa na uhakika gari lina pepo. Nilipanda naye. Alikuwa anatumia pedali kama swichi ya taa: anakanyaga yote, anaachia yote. Kwenye gari la petroli tabia hiyo haionekani sana, kwa kuwa ukiachia gari linateleza. Kwenye B kila kuachia ni kufunga breki.

Kwa hiyo chanzo cha kwanza ni mguu. Pedali inainuliwa polepole, na kuna sehemu katikati ambapo gari halivuti wala halisukumi. Tafuta sehemu hiyo na ujifunze kukaa hapo. Cha pili ni kiwango kilichowekwa. Mjini ukiwa na abiria, D au kiwango cha 1 kinatosha. B na e-Pedal ziache kwa foleni za kusukumana na miteremko. Mguu ukizoea, panda kidogo kidogo.

Barabara ya tope au murram iliyolowa ni hoja ya peke yake. Rijeni inashika magurudumu yanayoendeshwa na mota tu. Leaf na Atto 3 ni ya mbele, kwa hiyo mvuto mkali unaweza kufanya usukani uwe mwepesi na gari likatae kukata kona. Ioniq 5 ya magurudumu mawili na Tesla za mota moja zinashika ya nyuma, na huko mkia ndio unaoweza kutoroka. Shusha kiwango hadi cha chini kabisa kabla ya kuingia kwenye tope, usingoje uanze kuteleza.

Ukishashusha kiwango na gari bado linavuta, rudi kwenye kipimo cha N. Likivuta hata kwenye N, angalia kwanza breki ya maegesho: kwenye AZE0 nyingi ni pedali ya mguu wa kushoto na wageni huisahau ikiwa nusu. Kisha endesha kilomita chache bila kutumia breki sana, simama, usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikitoa joto kali kuliko nyingine, kalipa imekwama. Hilo ni la fundi siku hiyo hiyo, kwa sababu pedi inayoburuzwa huchemsha mafuta ya breki.

## Dalili: kiwango hakibadiliki, au kinajifuta

Leaf nyingi zinakuja na menyu za Kijapani, na watu wanabonyeza kwa kubahatisha. Tumia kamera ya simu kutafsiri skrini ukiwa umeegesha, kisha piga picha ya kila ukurasa uhifadhi. Itakusaidia kuliko kumlipa mtu kila mara.

Baadhi ya magari hujifuta kwa makusudi. i-Pedal kwenye Ioniq 5 za miaka ya mwanzo haikukumbukwa ukizima gari. Ilibidi uiwashe tena kila safari. Usihangaike kutafuta ubovu hapo.

Mipangilio yote ikipotea kwa pamoja, saa ikarudi mwanzo na taa tatu nne za onyo zikawaka na kuzimika, mshuku betri ndogo ya volti 12. Gari la umeme lenye betri ndogo dhaifu hutoa makosa ya ajabuajabu: usukani, ABS, breki, vyote vinalalamika. Pima gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa. Chini ya volti 12.4 inaanza kuchoka, na chini ya 12 ibadilishe. Gari likiwa limewashwa tayari kwenda, unapaswa kusoma 13 na kitu au zaidi. Fanya hivi kabla ya kukubali mtu akuuzie kifaa cha breki, ambacho ni ghali mara nyingi zaidi. Ukishabadilisha, endesha kidogo. Taa nyingi hujizima zenyewe. Zisipojizima, peleka kwenye mashine.

## Dalili: breki zinakwaruza au pedali imebadilika

Mota ikifanya kazi nyingi, pedi hukaa bure, na diski hupata kutu. Mombasa, Tanga na Unguja hewa ya chumvi inaharakisha. Kukwaruza kwa breki tatu nne za asubuhi baada ya mvua si kitu. Kukwaruza siku nzima ni kutu iliyokomaa. Mara moja kwa wiki au mbili, kwenye barabara tupu na tambarare, panda hadi kilomita 50 kwa saa, ingiza N, kisha kanyaga breki kwa uthabiti hadi karibu kusimama, rudisha D. Kwa kuwa kwenye N mota haishiki, kazi yote inakwenda kwenye pedi na kutu inasuguliwa. Sauti ikiendelea baada ya mara kumi, magurudumu yafunguliwe yaangaliwe, hasa pini za kalipa, ambazo kwenye magari haya hukauka kabla pedi hazijaisha.

Mafuta ya breki yabadilishwe kila miaka miwili hata kama pedi ni mpya. Yanazeeka kwa kunyonya unyevu, hayaangalii umetumia breki mara ngapi. Aina imeandikwa kwenye kifuniko. Mwambie fundi mapema kwamba hii ni breki inayosaidiwa na umeme. Ukibadilishwa moyo wake (pampu kuu ya mafuta ya breki), mfumo unahitaji kusanidiwa kwa kompyuta, na fundi anayetaka kupampu kwa mguu tu kama kwenye Probox atakuachia pedali ya sponji.

## Dalili: wa nyuma wanakupigia honi

Matatu ya nyuma haijui kama umeinua mguu. Inaangalia taa. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya R13-H inataka taa za breki ziwake rijeni ikipunguza mwendo kwa zaidi ya 1.3 m/s², na zisiwake chini ya 0.7, katikati ya hapo ni hiari ya mtengenezaji. e-Pedal kwa nguvu zake zote inazidi kiwango hicho, kwa hiyo taa ziwake. Jaribu usiku karibu na ukuta, au mwambie mtu akufuate akipiga video. Zisipowaka hata ukikanyaga breki, angalia balbu na fyuzi, kisha swichi iliyo juu ya pedali. Mpaka ipone, usitumie kiwango cha juu barabarani.

Hyundai na Kia zililalamikiwa mwaka 2023 kwamba kwenye hali ya pedali moja taa zilichelewa hadi uinue mguu wote. Kama una toleo la kabla ya hapo, uliza kama limepata marekebisho ya programu.

## Dalili: nimeweka kiwango cha juu na kilomita haziongezeki

Hazitaongezeka kwa hilo peke yake. Umeme ukitoka kwenye betri kwenda gurudumuni na kurudi, unapotea njiani kila unapogeuzwa. Kwenye barabara kuu, kuteleza bila kuvuta ni bora kuliko kupunguza na kukimbia tena.

## Simama, piga simu

Taa nyekundu ya breki, pedali inayozama hadi chini, pedali ngumu kama ukuta, ujumbe wa kosa la mfumo wa umeme, au harufu tamu au ya plastiki inayoungua kutoka chini ya sakafu: toka barabarani, zima, shuka na abiria wako, kaa mbali na gari. Pedali ikiwa ngumu, breki za kawaida bado zina muunganiko wa mafuta, kwa hiyo zitashika, ila kanyaga kwa nguvu na kwa mara moja, usipampu.

Na mtu akija na kamba, mkatalie. Leaf haivutwi magurudumu ya mbele yakiwa chini, kwa sababu ileile tuliyoanza nayo: yakizunguka, mota inazalisha umeme hata gari likiwa limezimwa, na safari hii hakuna aliye macho ndani ya kuupokea. Agiza gari la kubeba, au angalau la kuinua mbele. Mwenye kamba atakuambia amevuta mengi. Muulize mangapi yalikuwa na nyaya za chungwa.